Vermont au Maine: ukihama mjini kutafuta utulivu

Kwa sensa ya 2020, hakuna majimbo ya Marekani yenye sehemu kubwa ya watu wanaoishi vijijini kuliko Vermont na Maine: karibu wakazi 65 kati ya kila 100 Vermont, na 61 Maine. Yote mawili yamepiga marufuku mabango makubwa ya matangazo barabarani, na yote yana misitu kila uendako na baridi ndefu. Anayetoka Columbus, Houston au Chicago akitazama picha za nyumba kwenye simu ataona ni kitu kimoja. Tofauti huanza Januari mafuta ya kupasha nyumba joto yanapokaribia kwisha, huendelea Aprili barabara ikiwa tope, na huwa kubwa zaidi usiku ambao mama mjamzito anahitaji kufika hospitali.

Tuseme mapema tunaegemea wapi. Familia yenye watoto na akiba ndogo, inayotegemea kazi za viwandani au za kutunza wazee na wagonjwa, itapata nafuu Maine, hasa Lewiston na Auburn na vijiji vilivyo nusu saa kutoka hapo. Anayefanya kazi yake kwa intaneti, au aliyevuka miaka 55 na anajilipia bima ya afya, au anayetaka mji mdogo ambao atakuwa na sauti hata kabla ya uraia, Vermont itamfaa zaidi.

Ukubwa, na Waswahili walipo

Vermont ina watu wapatao 643,000 na Maine 1,362,000, lakini kwa eneo Maine ni zaidi ya mara tatu na nusu ya Vermont. Barabara kuu ya I-95 peke yake, kutoka Kittery kusini hadi Houlton mpakani na Kanada, ni karibu kilomita 490, na ukifika Houlton bado una safari mpaka Fort Kent. Vermont yote, kaskazini hadi kusini, haifiki kilomita 260. Kwa hiyo mtu akikwambia amehamia Maine, muulize Maine ipi. Portland iko saa mbili kutoka Boston. Caribou ni nchi nyingine, ya viazi, mpaka na theluji inayokaribia mita 3 kwa mwaka. Burlington hupata zaidi kidogo ya mita 2, Portland chini ya hapo.

Kuna jambo ambalo Vermont haina: karibu nusu ya ardhi ya Maine haina serikali ya mji kabisa. Ni zaidi ya ekari milioni 10 zenye watu wapatao 9,000 tu. Ukiona tangazo la ekari nyingi kwa bei ya gari, uliza kwanza kama ziko huko. Kodi ya ardhi ni ndogo, lakini huenda hakuna mtu wa kusafisha theluji barabarani, gari la zimamoto hutoka mbali, na ruhusa ya kujenga unaiomba kwa tume ya jimbo.

Waswahili wako sehemu chache. Vermont ni Burlington na Winooski, mji wa watu 8,000 uliobanana kwenye kilomita za mraba chache, ambako utakuta Wakongo, Warundi na Wabantu wa Somalia. Chama cha Waafrika wa Vermont, AALV, kipo tangu 1999. Maine ni Portland na Lewiston. Wasomali walianza kufika Lewiston kwa wingi mwaka 2001, na leo mtaa wa Lisbon Street una maduka ya nyama halali, unga na viungo. Kiangazi cha 2019 waomba hifadhi wapatao 450, wengi kutoka Kongo na Angola, walifika Portland ndani ya wiki chache na kulazwa kwenye ukumbi wa michezo. Tangu hapo Kiswahili, Kilingala na Kireno vinasikika sana huko, ila pango la nyumba Portland limewashinda wengi.

Nje ya miji hiyo, jiandae kuwa Mswahili peke yako kijijini. Hilo lisikutishe, ila pima umbali kwa saa za kuendesha wakati wa theluji. Dakika 35 za Julai ni saa nzima ya Februari, na msiba, harusi au ibada ya Ijumaa au Jumapili hazisubiri barabara isafishwe.

Joto la nyumba

Hapa ndipo bajeti za wengi huvunjika. Maine inategemea mafuta ya kupasha nyumba kuliko jimbo lolote. Zaidi ya nusu ya nyumba zake huyatumia. Vermont huyatumia pia, lakini gesi ya mtungi na kuni zina nafasi kubwa zaidi.

Nyumba ya zamani isiyozibwa vizuri hula galoni 800 hadi 1,000 za mafuta kwa msimu. Tangi la kawaida la chini ya nyumba limeandikwa galoni 275 lakini hujazwa hadi 250 hivi, hivyo utajaza mara tatu au nne. Kwa bei ya dola 3.50 kwa galoni, galoni 1,000 ni dola 3,500. Kampuni nyingi hazileti chini ya galoni 100, na ukipiga simu usiku wa manane umeishiwa hutoza ada ya dharura. Tangi likikauka kabisa hewa huingia kwenye bomba, na hata mafuta yakifika tanuru halitawaka mpaka hewa itolewe. Ukibanwa kabla gari la mafuta halijafika, galoni 5 za dizeli ya kituo cha petroli zitafanya kazi. Petroli usiitie kamwe.

Wanunuzi wenye pesa kidogo hukimbilia nyumba za kuvuta, zile za bati ndefu, ambazo Maine ni nyingi. Mara nyingi tangi lake liko nje, na mafuta ya kawaida huganda kwenye baridi kali. Ndiyo maana wenyewe hutumia mafuta ya taa, ambayo ni ghali zaidi kwa galoni. Muulize muuzaji risiti za msimu uliopita, na ziandikwe aina ya mafuta.

Vermont swali la kwanza ni la gesi: tangi ni la nani? Likiwa la kampuni, kampuni hiyo peke yake ndiyo inaruhusiwa kulijaza, na huwezi kutafuta bei nafuu mahali pengine mpaka tangi libadilishwe.

Kuni hupimwa kwa kipimo kimoja kote: fungu la mita 1.2 kwa 1.2 kwa 2.4, lililopangwa kwa kubana. Nyumba inayotegemea kuni huhitaji mafungu 4 hadi 6. Wageni hununua Septemba kuni zilizokatwa Agosti, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kuni mbichi hutoa moshi mzito, moshi hugandisha lami ndani ya bomba la moshi, na lami hiyo ndiyo inayowaka na kuchoma paa. Nunua masika, panga juu ya mbao zisiguse ardhi, funika juu tu na uache pembeni wazi, na kabla ya kuwasha pasua gogo moja upime ndani kwa kipima unyevu. Ikizidi asilimia 20, bado. Kabla ya kuweka jiko piga simu kwa kampuni ya bima, kwa sababu baadhi hazikatii bima nyumba ambayo jiko lake halikufungwa na fundi anayetambulika.

Pampu za joto, mashine za umeme zinazovuta joto la hewa ya nje na kuliingiza ndani, zimeenea pande zote mbili. Maine ilivuka 100,000 mwaka 2023, miaka miwili kabla ya lengo lake. Ruzuku za mashirika ya kuokoa nishati, Efficiency Maine na Efficiency Vermont, hutegemea kipato, na ya mwenye kipato kidogo ni kubwa zaidi, hivyo usinunue kabla ya kuuliza. Lakini umeme ukikatika, pampu ya joto inazima, tanuru la mafuta linazima, na pampu ya kisima inazima pia, kwa hiyo hata choo hakivuti. Maine ina miti mingi na nyaya ndefu; dhoruba ya 18 Desemba 2023 ilizima umeme kwa wateja zaidi ya 400,000. Jiko la kuni la akiba ni lazima kule. Ukinunua jenereta, iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka dirishani, maana moshi wake huua watu wakiwa usingizini, na iunganishwe kwa swichi maalumu iliyofungwa na fundi wa umeme.

Barabara, tope na mafuriko

Zaidi ya nusu ya barabara za umma za Vermont hazina lami. Machi na Aprili theluji ya juu huyeyuka huku udongo wa chini ukiwa bado barafu, maji hayana pa kwenda, na barabara inakuwa uji. Gari dogo hukwama mpaka chasisi. Miji huweka vibao vya kuzuia malori: Vermont kwa kawaida juu ya pauni 15,000, Maine pauni 23,000. Ukipanga lori la kuhamia, zege au kifusi kwa mwezi wa Aprili, huenda lisikufikie kabisa. Jaza mafuta kabla ya tope, na uhame baada ya katikati ya Mei.

Vermont kila barabara ya mji ina daraja. Ya daraja la 3 mji unapaswa kuiweka ipitike mwaka mzima. Ya daraja la 4 mji haulazimiki kuisafisha theluji, na nyumba nyingi za bei nzuri ajabu ziko juu ya barabara hizo. Karani wa mji atakuonyesha kwenye ramani bure. Maine swali ni jingine: je, barabara ni ya mji au ya binafsi? Ikiwa ya binafsi, nani analipa greda, wamegawana vipi, na wameandika?

Mafuriko ni mzigo wa Vermont kuliko wengi wanavyodhani kwa jimbo lisilo na bahari. Vijiji vyake vilijengwa mabondeni, kando ya mito iliyoendesha mashine za mbao. Dhoruba ya Irene ilipiga 28 Agosti 2011; Julai 2023 maji yaliingia katikati ya Montpelier, makao makuu; na Julai 2024, mwaka mmoja kamili baadaye, yakarudi sehemu nyingi. Maine nayo iliona mito ya Kennebec na Androscoggin ikifurika Desemba 2023, kisha 10 na 13 Januari 2024 bahari ikavunja magati ya wavuvi. Nyumba ya Vermont iliyo bondeni, muulize muuzaji na jirani, kila mmoja peke yake: maji yalifika wapi 2011, 2023 na 2024? Bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, hivyo haikatwi wingu likionekana.

Maji ya kisima na shamba

Kisima cha kuchimbwa kwenye mwamba kinaweza kuwa na maji maangavu, matamu na yenye sumu. Maine inajulikana kwa aseniki. Vermont utakuta aseniki na urani baadhi ya maeneo. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, aseniki inabaki. Peleka sampuli maabara kabla ya kusaini, na usikubali kipimo cha bakteria peke yake, ambacho ndicho cha bei rahisi na ndicho wauzaji hupenda kuonyesha.

Anayetaka kulima awe mwangalifu zaidi Maine. Kwa miongo mashamba yalimwagiwa tope la mitambo ya maji taka kama mbolea, na tope hilo lilikuwa na kemikali za PFAS zisizooza. Mashamba ya Fairfield na Unity yaliathirika vibaya, na mwaka 2022 Maine ikapiga marufuku kabisa kumwaga tope hilo. Idara ya mazingira ya jimbo ina ramani ya maeneo yaliyopewa leseni ya kumwagiwa. Angalia kiwanja chako, kisha upime udongo na maji. Vermont tatizo kubwa lilijulikana 2016 upande wa Bennington, kutokana na kiwanda, na huko pia usinunue bila kipimo cha PFAS.

Maji taka ni suala la pili. Vermont, tangu Julai 2007, mfumo mpya au uliobadilishwa unahitaji kibali cha jimbo, na udongo mzito wa mfinyanzi hulazimisha mfumo wa kilima kilichoinuliwa, unaogharimu makumi ya maelfu ya dola. Kiwanja kisicho na kibali si kiwanja cha kujenga, hata kikiwa na mandhari ya milima. Maine, nyumba iliyo ndani ya ukanda wa ufukwe wa ziwa, mto au bahari lazima mfumo wake ukaguliwe inapouzwa.

Msimu wa kupanda ni mfupi kote: weka mbegu nje mwisho wa Mei, na jalidi inaweza kurudi katikati ya Septemba. Mchicha na matembele hufanya vizuri. Biringanya na pilipili zianzie ndani ya nyumba Machi. Mahindi yawe ya aina fupi. Muhogo usahau. Si lazima ununue ardhi ili ulime: Burlington kuna mpango wa New Farms for New Americans wa AALV, unaogawa vipande kwa familia. Maine kuna Liberation Farms ya chama cha Wabantu wa Somalia, kijijini Wales karibu na Lewiston, ambako wanalima mahindi magumu ya unga. Wanaofuga mbuzi waitembelee Pine Island Community Farm, Colchester, Vermont.

Daktari

Kwa mtazamo wetu hiki ndicho kipimo kizito zaidi kwa familia changa. Maine ya vijijini imepoteza wodi nyingi za uzazi: Calais ilifunga 2017, Fort Kent 2023, Houlton 2025. Mama wa Houlton sasa anaendesha kwenda mbali, na Februari kuna theluji. Hospitali kubwa ziko Portland, Lewiston na Bangor; kaa ndani ya saa moja kutoka mojawapo kama bado mnazaa. Vermont ni ndogo, na wa kaskazini huenda Burlington, wa mashariki huvuka mto hadi Lebanon, New Hampshire.

Bima ndiyo inayogeuza mizani kwa wazee. Vermont hairuhusu kampuni kutoza kwa umri: wa miaka 62 na wa miaka 25 hulipa sawa kwa mpango uleule. Maine mzee anaweza kutozwa hadi mara tatu ya kijana. Kijana asiye na ruzuku ataumia Vermont, mzee atapumua. Kwa watoto na wajawazito, majimbo yote mawili tangu Julai 2022 yanawahudumia wenye kipato kidogo bila kujali hadhi ya uhamiaji: Vermont kwa mpango wa jimbo uitwao Dr. Dynasaur hadi kabla ya miaka 19, Maine kwa mpango wa MaineCare hadi kabla ya 21. Mkalimani wa Kiswahili hospitalini ni haki yako na ni bure. Sema wakati wa kuweka miadi, na usimtumie mtoto.

Kazi na kodi

Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 14.65 Maine na 14.01 Vermont. Kazi za kutunza wazee ni tele pande zote, maana haya ni majimbo ya watu wenye umri mkubwa. Cheti cha uuguzi msaidizi cha jimbo jingine hakihami chenyewe, lazima uombe kuandikishwa upya. Maine ina viwanda vingi zaidi, na Agosti kuna uvunaji wa matunda ya buluu Kaunti ya Washington.

Kodi ya mauzo ni asilimia 5.5 Maine na 6 Vermont, na miji kadhaa ya Vermont huongeza 1. Kinachowashtua wageni wa Maine ni gari. Kila mwaka, kabla ya kusajili, unalipa mjini kodi inayohesabiwa kwa bei ya gari lilipotoka kiwandani, hata kama ulilinunua kuukuu. Gari la dola 30,000: mwaka wa kwanza 720, wa pili 525, wa tatu 405, wa nne 300, wa tano 195, na kuanzia wa sita 120. Vermont unalipa asilimia 6 mara moja unapolinunua, kisha ada ya usajili tu. Familia yenye magari matatu ihesabu hilo.

Kwa nyumba, Vermont ukimiliki unakoishi lazima ujaze fomu HS-122, ya kutangaza makazi yako, kila mwaka, kabla ya tarehe ya kodi ya Aprili. Ukisahau unaweza kupigwa faini, na punguzo linalotegemea kipato linaweza kukupita. Maine unaomba punguzo mara moja, kufikia 1 Aprili, baada ya kumiliki makazi jimboni miezi 12, na thamani ya nyumba hupunguzwa dola 25,000 kabla ya kutozwa.

Shuleni watoto wote hula bure majimbo yote mawili. Na kuhusu sauti tuliyoitaja: Winooski na Montpelier tangu 2021, na Burlington tangu 2023, zimeruhusu wakazi halali wasio raia kupiga kura za mji. Kura hiyo ni ya mji tu. Kujiandikisha kimakosa kwenye kura za jimbo au taifa kunaweza kuharibu maombi yako ya uraia, hivyo soma fomu mara mbili.

Kabla ya kusaini

Kaa kwanza kwenye nyumba ya kupanga, kuanzia Agosti hadi Mei, hata kama pesa ya kununua ipo. Ziara ya kutafuta nyumba ifanye wiki ya mwisho ya Machi au ya kwanza ya Aprili, si Oktoba majani yakiwa mekundu. Fika Desemba pia kama unaweza: mashariki mwa Maine jua huzama kabla ya saa kumi jioni, Burlington saa kumi na dakika kumi na kitu, na wapo ambao giza hilo ndilo linalowarudisha Houston. Siku ya ziara anza ofisi ya karani wa mji, uulize daraja la barabara, kibali cha maji taka na historia ya mafuriko. Kisha nenda kwenye nyumba na chupa za maabara, na uchukue sampuli mwenyewe kutoka bomba la jikoni, kabla ya chujio.